Askofu Muge na safari ya Busia: Jinsi siku moja ilivyofunika maisha ya mtu

Kila uchao malori hupanga foleni Malaba yakisubiri kuvuka mpaka na kuingia Uganda. Yamebeba mafuta, saruji, ngano, vyuma na makontena yaliyofungwa kwa lakiri tangu bandarini. Yametoka Mombasa, yakapita Nairobi, Nakuru, Eldoret na Webuye, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, na yanapofika mpakani yanafanana kama maharagwe ya gunia moja. Mkazi wa Malaba aliyezaliwa kando ya barabara hiyo hawezi kusema ni malori mangapi yamepita machoni pake, wala hakuna anayetarajia aseme. Vitu vinavyofanana havihesabiki kichwani. Hupita vikaenda zake.

Hata hivyo, katika barabara hiyo hiyo lipo lori moja ambalo Wakenya wa makamo hawajalisahau, ingawa wengi wao hawakuliona kamwe. Ni lori lililogongana na gari la Askofu Alexander Kipsang Muge wa Kanisa la Kianglikana, Dayosisi ya Eldoret, katika eneo la Kipkaren, Jumanne, Agosti 14, 1990, alipokuwa akirejea nyumbani kutoka Busia. Askofu huyo alifariki papo hapo.

Barabara ya kwenda Malaba imeua watu wengi kabla ya siku hiyo na baada yake. Wengi wa marehemu hao wanakumbukwa na jamaa zao tu. Kifo cha Askofu Muge kimebaki katika kumbukumbu ya taifa kwa zaidi ya miongo mitatu, nacho kimebaki kwa sababu inayoweza kuelezwa. Sababu hiyo inahusu namna akili ya binadamu inavyochagua la kuhifadhi na la kutupa. Inahusu pia gharama ya uchaguzi huo, kwani yaliyotupwa katika kisa hiki hayakuwa madogo.

Alexander Muge alizaliwa katika miaka ya 1940 katika jamii ya Wanandi. Kabla ya kuvaa joho la kanisa alivaa sare ya serikali. Alihudumu katika kikosi cha GSU, askari ambao Mkenya wa kawaida huwafahamu zaidi kwa kuzima ghasia kuliko kwa sala. Aliacha bunduki akaingia katika masomo ya theolojia, kwanza nchini na baadaye Uingereza, alikosoma katika chuo cha London Bible College. Aliporejea mapema katika miaka ya 1980 alihudumu katika Kanisa Kuu la All Saints jijini Nairobi.

Mwaka wa 1983 Kanisa la Kianglikana, ambalo wakati huo lilijulikana kama CPK, liliunda Dayosisi mpya ya Eldoret kwa kuimega ile ya Nakuru. Muge akawekwa wakfu kuwa askofu wake wa kwanza. Alikabidhiwa eneo pana la kaskazini mwa Bonde la Ufa, kuanzia mashamba ya mahindi na ngano ya Uasin Gishu hadi nyanda kame za Pokot Magharibi. Kuongoza dayosisi changa ni kazi ya jasho isiyo na sifa: kutafuta makasisi, kujenga makanisa, kusuluhisha ugomvi wa washirika, na kusafiri katika njia mbovu ili kubariki watoto wa kipaimara katika vijiji visivyo na umeme. Kazi hiyo ndiyo iliyojaza siku zake nyingi, na ndiyo ambayo hadithi yake inayosimuliwa leo huitaja kidogo mno.

Lililomtambulisha mbele ya taifa lilikuwa jambo lingine. Katika miaka ya 1980 Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja, tangu Bunge lilipobadilisha katiba mwaka wa 1982 na kuifanya KANU kuwa chama cha pekee kisheria. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo huo, nafasi ya kusema ilizidi kufinywa. Viongozi wa kisiasa kutoka kila pembe walishindana kumsifu Rais Daniel arap Moi, na wale wa Bonde la Ufa, nyumbani kwa Rais, walitarajiwa kuwa mstari wa mbele.

Ndani ya safu hiyo alisimama askofu Mnandi ambaye hakuimba wimbo uliokuwa ukiimbwa. Maaskofu Henry Okullu wa Maseno Kusini na David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki walikuwa pia wakiikosoa serikali, na Kasisi Timothy Njoya wa Kanisa la PCEA vivyo hivyo. Lakini wakosoaji hao walitoka katika maeneo ambayo watawala walikuwa wamezoea kuyashuku. Muge alitoka nyumbani, katika jumuiya ya Wakalenjin. Miongoni mwa maaskofu wakosoaji alitofautiana kwa asili yake, na miongoni mwa viongozi wa Bonde la Ufa alitofautiana kwa kauli zake. Kwa vyovyote ulivyoipanga orodha, jina lake lilijitokeza.

Kauli zake zilikuwa nzito. Aliwahi kueleza kwamba hangeweza kulaani ukiukaji wa haki za binadamu nchini Afrika Kusini ikiwa angezuiwa kulaani ukiukaji wa haki hizo katika nchi yake mwenyewe. Alizungumza kuhusu njaa iliyowakumba wakazi wa Pokot Magharibi katika wakati ambapo wakuu wa serikali walipendelea ionekane kwamba hali ni shwari. Alizungumza dhidi ya ufisadi na unyakuzi wa ardhi. Wanasiasa wa KANU wa Nandi walimjibu kwa hasira, naye hakunyamaza.

Jambo moja aliloshiriki kulipinga pamoja na viongozi wenzake wa kanisa linafaa kuangaliwa kwa makini, kwani linagusa moja kwa moja suala la kumbukumbu. Mwaka wa 1986 KANU iliamua kwamba katika uteuzi wa wawaniaji wapiga kura wasimame nyuma ya mgombea wanayemtaka au picha yake, kisha wahesabiwe. Mtindo huo wa mlolongo ulitumika katika uchaguzi wa 1988, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 katika uteuzi alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa. Wapo waliotangazwa washindi ilhali foleni zao zilikuwa fupi kuliko za wapinzani wao.

Viongozi wa makanisa waliona hatari nyingine, mbali na wizi wa kura. Kasisi aliyesimama katika foleni ya mgombea mmoja angejulikana na waumini wote, wakiwemo wa foleni ya pili. Mwalimu, karani au mfanyabiashara mdogo aliyesimama katika foleni fupi angeonekana na chifu, na chifu asingehitaji kuandika jina. Watu mia mbili waliojipanga upande wa mwenye nguvu huwa umati usio na sura. Watu watano waliosimama upande wa pili hukumbukwa mmoja mmoja, jina, ukoo na boma. Mlolongo uliifanya tofauti ya mtu kuwa jambo la hatari, na walioubuni walifahamu hivyo.

Mwaka wa 1990 ulianza vibaya. Mwezi Februari Waziri wa Mambo ya Nje, Dkt Robert Ouko, alitoweka nyumbani kwake Koru na mwili wake ukapatikana karibu na kilima cha Got Alila, ukiwa umeteketezwa kwa moto. Mwezi Julai wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliokuwa wakidai mfumo wa vyama vingi, waliwekwa kizuizini, na siku chache baadaye maandamano ya Saba Saba yakazimwa kwa nguvu na watu wakauawa. Askofu Muge alikuwa miongoni mwa waliosema waziwazi kwamba kifo cha Dkt Ouko kilihitaji majibu.

Vitisho vya wanasiasa katika kipindi hicho vilikuwa vingi kiasi cha kuchosha. Karibu kila wikendi waziri fulani, mbunge fulani au mwenyekiti wa tawi la KANU alipanda jukwaani na kumwonya fulani asikanyage wilaya yake. Magazeti yaliviandika, redio ikavitangaza, na kufikia wikendi iliyofuata vilikuwa vimesahaulika kwa kuwa vimekuja vingine.

Katikati ya Agosti, Waziri wa Leba, Bw Peter Okondo, mwanasiasa kutoka Busia, alitoa onyo la namna hiyo kwa Askofu Muge na Askofu Okullu. Aliwatahadharisha kwamba wakithubutu kuingia Busia wangeona moto na huenda wasitoke wakiwa hai. Wakati huo wilaya ya Busia ilienea kutoka ufuo wa Ziwa Victoria hadi Malaba, kwani wilaya ya Teso ilikuwa haijaundwa. Kwa hivyo onyo hilo lilihusu ukanda mzima wa mpaka, mahali ambapo maelfu ya Wakenya na Waganda hupita kila siku bila kuulizwa wanamwamini nani.

Busia haikuwa sehemu ya dayosisi ya Muge. Angeweza kukaa Eldoret, akasali huko, na hakuna muumini wake ambaye angemlaumu. Lakini kwake suala lilikuwa iwapo Mkenya anahitaji ruhusa ya waziri ili kutembea katika nchi yake. Alijibu kwamba angekwenda. Aliongeza kwamba iwapo angeuawa, damu yake isiyo na hatia ingemwandama waziri huyo daima.

Alikwenda. Agosti 14 msafara wake uliingia Busia, na wakazi walijitokeza kumlaki. Hakukuwa na moto. Alizungumza na watu, akamaliza shughuli zake, kisha akaanza safari ya kurudi. Msafara ulikuwa umekwisha kutoka Busia, nyumbani si mbali tena, ulipofika Kipkaren katika barabara ya Webuye kuelekea Eldoret. Hapo ndipo lori lilipogongana na gari lake.

Habari zilienea usiku huo huo. Siku chache baadaye Bw Okondo alijiuzulu uwaziri. Dereva wa lori alishtakiwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 7, naye akafia gerezani kabla ya kukimaliza. Serikali ilishikilia kwamba ilikuwa ajali. Wengi wa waombolezaji hawakukubali, na hadi leo wapo wasiokubali. Miaka mingi baadaye suala hilo lilifika mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo ilikabidhi ripoti yake Mei 2013. Hakuna mahakama iliyopata kuthibitisha kwamba askofu aliuawa kwa njama.

Kwa nini onyo hilo moja halikusahaulika kama mengine? Jibu linalokuja haraka ni kwamba lilikuwa kali kupita yote. Lakini maonyo ya wakati huo yote yalikuwa makali, na lau Askofu Muge angefika Eldoret salama jioni ile, maneno ya Bw Okondo yangezikwa ndani ya magazeti ya wiki hiyo pamoja na maneno ya wenzake.

Jibu la ndani zaidi lilipatikana mbali na Kenya, na zamani. Mwaka wa 1933 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hedwig von Restorff, aliyefanya kazi jijini Berlin chini ya Profesa Wolfgang Köhler, alichapisha majaribio kuhusu orodha za vitu vya kukumbuka. Aliwapa watu orodha zenye vitu vya aina moja isipokuwa kimoja, mathalani nambari moja miongoni mwa silabi zisizo na maana. Kile kilichotofautiana kilikumbukwa zaidi kuliko vingine. Tangu hapo jambo hilo huitwa kwa jina lake katika vitabu vya saikolojia.

Watu wengi huishia hapo, wakidhani maana yake ni kwamba kitu cha ajabu huvuta macho, macho yakishavutwa akili hushika. Mwanamama huyo aligundua zaidi ya hilo, na mwaka wa 1995 mtafiti Mmarekani R. Reed Hunt aliwakumbusha wenzake walichokuwa wamekisahau. Kwanza, kitu kile kile kilichong'aa katika orodha ya vitu vinavyofanana hakikung'aa tena kilipowekwa katika orodha ambayo kila kitu kilikuwa cha aina yake. Upekee, kwa hivyo, haumo ndani ya kitu. Umo katika uhusiano wake na majirani.

Pili, na hili ndilo linaloeleza kisa cha Busia, von Restorff alikiweka kitu cha pekee karibu na mwanzo wa orodha, kabla msomaji hajajua orodha itakuwa ya aina gani. Alipokutana nacho, msomaji hakuwa na sababu ya kukistaajabia, kwa sababu hakujua bado kwamba vinavyokuja vyote vitafanana. Hata hivyo alikikumbuka kuliko vingine. Kitu kinaweza kupita bila kushtua mtu, kisha kikawa cha pekee baadaye, baada ya yaliyofuata kukipa sura mpya.

Ndivyo ilivyokuwa kwa onyo la waziri. Siku lilipotolewa lilikuwa silabi moja katika orodha ndefu ya silabi. Siku chache baadaye lilikuwa nambari. Hakuna neno lililobadilika, wala sauti ya msemaji haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba miongoni mwa maonyo yote ya aina hiyo, hili lilifuatwa na kifo cha aliyeonywa, tena siku ile ile aliyokanyaga mahali alipokatazwa. Vivyo hivyo kwa ajali yenyewe. Miongoni mwa ajali zote za barabara ya Malaba, hiyo ilikuwa imetanguliwa na onyo. Kila kimoja kilikipa kingine upekee, na vyote viwili vikashikamana kichwani mwa taifa.

Mfano mwingine wa barabara hiyo hiyo unathibitisha kwamba ukubwa wa jambo hautoshi peke yake. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachang'wan karibu na Molo. Watu walikimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafariki. Mkasa huo unakumbukwa kwa sababu ya idadi na kwa sababu ya moto. Kipkaren marehemu aliyekumbukwa ni mmoja. Taifa halikumkumbuka kwa wingi wa vifo bali kwa namna kifo hicho kilivyojitenga na vingine.

Hadi hapa mtu anaweza kusema kumbukumbu imetenda haki. Shujaa hajasahaulika, na mwenye ulimi mkali ameadhibiwa na historia. Wahenga walionya kwamba mdomo huponza kichwa. Lakini kumbukumbu haitoi kwa mkono mmoja bila kunyang'anya kwa mwingine.

Mwaka wa 1969 mtafiti Endel Tulving, mmoja wa vigogo wa utafiti wa kumbukumbu, alichapisha jaribio ambalo watu walisomewa orodha za maneno ya kawaida, katikati mkiwa na jina la mtu mashuhuri ambalo waliagizwa wahakikishe wamelikumbuka. Walilikumbuka vizuri. Lakini orodha iliposomwa kwa kasi, neno lililotangulia jina hilo lilisahaulika kuliko ilivyotarajiwa. Mwanga wa jina ulikuwa umemtia giza jirani yake.

Ni kweli kwamba maisha ya mtu si orodha ya maneno, na maabara si nchi. Lakini ni vigumu kuyatazama maisha ya Askofu Muge bila kuona giza la namna hiyo. Miaka yake 7 ya uaskofu imekuwa utangulizi wa siku moja. Kijana wa leo anayelijua jina lake hujua Busia, Okondo na lori. Ni nadra kumpata anayejua kwamba askofu huyo alitetea watu wenye njaa wa Pokot, kwamba alikuwa askari kabla ya kuwa kasisi, au kwamba alijenga dayosisi kutoka msingi. Alichokisimamia akiwa hai kimefunikwa na namna alivyokufa.

Bw Okondo naye, ambaye alikwisha kuaga dunia, alikuwa katika siasa tangu kabla ya Uhuru, miongoni mwa viongozi wa chama cha KADU katika kizazi kilichojadili katiba ya kwanza ya Kenya. Miongo mitatu ya utumishi wake, mema na mabaya, imefutwa na sentensi moja. Hilo halimwondolei lawama ya maneno aliyoyasema, kwani waziri hana ruhusa ya kumtishia mwananchi. Lakini anayetaka kuijua historia ya Busia hawezi kuijua kwa sentensi moja.

Kisha yupo dereva. Katika kisa hiki chote ndiye aliyefungwa, na ndiye aliyekufa kifungoni. Lori lake linakumbukwa, lakini yeye mwenyewe hakumbukwi. Simulizi humtaja kama kiungo cha ajali au cha njama, kutegemea msimuliaji, halafu humwacha. Kama alikuwa mzembe, alilipa kwa uhai wake. Kama alitumwa, waliomtuma hawakutajwa mahakamani. Kama ilikuwa bahati mbaya tu, basi alikuwa mwathiriwa wa pili wa siku hiyo. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo matatu ambalo kumbukumbu ya umma imejali kulichunguza, kwa sababu macho yote yalikuwa kwa yule mwingine.

Ipo hatari nyingine, nayo ni kuchukulia kwamba kinachokumbukwa kwa uwazi kinakumbukwa kwa usahihi. Mnamo Januari 28, 1986, chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka muda mfupi baada ya kuruka. Asubuhi iliyofuata Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaomba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory waandike walivyozipata habari hizo. Zaidi ya miaka miwili baadaye waliwauliza tena wanafunzi 44 kati yao. Robo nzima walikosea kila jambo kuu: mahali walipokuwa, waliyekuwa naye, aliyewaambia. Wengi wao walikuwa na hakika kubwa, na wengine walipoonyeshwa maandishi ya mikono yao wenyewe hawakusadiki.

Taifa halina kinga dhidi ya kosa ambalo mwanafunzi mmoja mmoja hulifanya. Onyo na kifo vimeshikamana kwa nguvu kiasi kwamba akili huviunganisha kama sababu na matokeo. Huenda viliunganishwa kweli. Utawala wa wakati huo haukuwapa wananchi sababu ya kuuamini, na miezi sita tu ilikuwa imepita tangu mwili wa Dkt Ouko upatikane. Lakini kufuatana kwa mambo mawili hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine, na nguvu ya kumbukumbu si ushahidi. Ushahidi ni alama za magurudumu, kauli za walionusurika zilizochukuliwa mapema, na rekodi za waliompa dereva kazi siku hiyo. Mambo kama hayo huwa ya kawaida na yasiyovutia, na hayo ndiyo ambayo akili hutupa kwanza. Yasipoandikwa mara moja hayarudi.

Mfumo ambao Askofu Muge aliupinga haukudumu sana baada yake. Mwezi Desemba 1990 KANU iliacha upigaji kura wa mlolongo. Desemba 1991 kifungu kilichoifanya kuwa chama cha pekee kiliondolewa katika katiba. Tangu 2010 katiba ya Kenya inatamka wazi haki ya kila mtu kutembea na haki ya kila raia kukaa popote nchini. Mengi katika mabadiliko hayo yalitokana na watu wengi waliosimama pamoja, kila mmoja akifanya jambo dogo ambalo halikumtofautisha na mwenzake, na kwa sababu hiyo hiyo majina yao hayajulikani.

Mpaka wenyewe umebadilika pia. Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Katika Kaunti ya Busia, ambayo leo inajumuisha Malaba, hakuna waziri anayemwuliza mtu aliye katika foleni ya uhamiaji kama ameruhusiwa kufika huko.

Askofu Muge alizikwa Eldoret, katika dayosisi aliyoianzisha. Anayetaka kumwenzi hahitaji kukariri tena kisa cha Kipkaren, kwani hicho kinajihifadhi chenyewe. Kinachohitaji msaada ni miaka 7 iliyokitangulia: hotuba zake zilizo katika hifadhi za magazeti ya zamani, kumbukumbu za dayosisi, na simulizi za wazee wa Pokot na Nandi waliomwona akija kwao kwa shughuli za siku za kawaida. Wazee hao wanazidi kupungua, na siku za kawaida ndizo zinazosahaulika mapema.